Kumwombea Mdogo Wangu Mkasi

Mdogo wangu akikupunguzia suti, wewe mwenyewe utasahau kwamba ilikuwa ya baba yako. Lakini mwenye duka la nguo kule Columbus alipomuuliza kama yeye ni masta wa ushonaji, alijibu hapana. Nafasi ilikuwa ya masta. Mwenye duka alidhani swali halikueleweka, akampa wiki moja afikirie.

Akanipigia simu Louisville ninakoishi, akiniita yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, ningedanganya? Fundi wangu hajaniachilia."

Nilimwelewa. Kwetu Kongo, milimani juu ya Uvira, anayejifunza cherehani haitwi fundi mpaka aliyemfundisha amkabidhi mkasi mbele ya watu, kisha kuliwe karamu. Vita vilitutawanya kabla ya siku yake. Fundi mwenyewe siku hizi yuko Buffalo, anapanga maboksi ghalani.

Kabla ya kuwasha gari ili nimpeleke kwake, nililitafuta hilo neno masta kwenye simu, kisha nikalitafuta tena, maana mimi sinunui kitu kwa kukitazama mara moja. Limetoka kwenye Kilatini: aliye zaidi ya wenzake. Huko huko Wafaransa walipata maître, tulivyomwita mwalimu darasani. Waingereza wakalitwika mengi: mwenye nyumba, mjuzi wa kazi, mwenye watumwa. Nilimsimulia mdogo wangu tulipokuwa tukitoka kwake Whitehall, pembeni mwa Columbus.

Akatazama nje. "Donc, basi, kati ya hao, ni nani ananishikilia?"

Nikakanyaga mafuta mpaka Buffalo.

Fundi alifungua mlango akiwa bado na fulana ya kazi. Alikagua kwanza pindo la sketi ya mdogo wangu, ndipo akatusalimia.

"Kumwachilia ni mbuzi," akasema.

"Mbuzi tutamfunga wapi, baba? Kwenye lifti? Kuku wawili."

"Watatu, na kreti ya soda."

"Wawili, na soda. Mbuzi utamla siku tukirudi nyumbani."

"Bon, sawa. Wewe hata mbinguni utaomba wapunguze."

Kisha akapapasa mfuko wa fulana. "Shida ni mkasi. Wangu ulibaki kule."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nilifikiri safari imeishia hapo. Lakini mke wa fundi alikwenda jikoni, akarudi na mkasi wake wa kukatia kuku, akaufuta mara mbili kwa kitambaa. Nilipenda hilo.

Jumapili, baada ya ibada, majirani walijaa sebuleni. Fundi, niliyekuwa nimemsimulia habari ya lile neno, alimkabidhi mkasi, akasema, "Mimi sikuwahi kumiliki mtu. Nilikuwa na mwanafunzi, na leo simo tena kwenye kazi yake. Huyu ni fundi."

Mdogo wangu alilia, kisha akala kuliko wote.

Jumatatu aliulizwa tena dukani. Akajibu ndiyo, akapewa meza yake karibu na dirisha.

Jumanne mke wa fundi alinipigia akidai mkasi wake. Mdogo wangu hautoi. Mama huyo ameanza kwa kudai mikasi miwili mipya badala yake. Naamini tutafika kwenye mmoja.