Nukta Nyekundu Nyuma ya Televisheni

Saa tatu kasorobo asubuhi, Christella Ndihokubwayo anamwaga mkoba wake juu ya meza ya mlinzi, kwenye geti la nyumba moja ya ghorofa huko Nyarutarama, mjini Kigali. Hakuna aliyemwambia aumwage. Anaona afadhali aumwage mwenyewe kuliko kupekuliwa.

Mlinzi Habiyaremye anaandika kwenye daftari: waya tatu, bisibisi mbili, tochi, karatasi moja iliyofungwa ndani ya plastiki, chupa moja ya rangi ya kucha. Kufika kwenye chupa, kalamu inasita.

"Hii iko ya nini, Mama Shema? Unakuya kutengeneza televiziyo ama unakuya kupaka kucha?"

"Ya kazi. Andika tu. Andika na kwamba iko nusu, kesho msiseme nilikunywa."

Mlinzi anaandika kweli: nusu. Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya na kuomba begi lake pia.

Christella, Mama Shema kwa wanaomfahamu, ana miaka arobaini na mitatu na anaishi Kinyinya. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta na televisheni ili maandishi yasomeke. Wateja wake ni kwaya zinazosoma nyimbo kwenye kioo badala ya vitabu, walimu wa masomo ya ziada, na wazee ambao macho yao yamechoka na herufi ndogo za kompyuta.

"Kuleta picha, kila mtu anaweza," anasema. "Unachomeka waya, picha inakuya. Lakini soma sasa! Herufi zote zina ukungu, pembeni zimekatwa. Hapo ndipo wananipigia simu."

Alikulia Buyenzi, mjini Bujumbura, kwa mjomba wake aliyetengeneza redio na deki za video. Anasema mjomba huyo alimfundisha kutomwamini muuza waya yeyote, na mpaka leo hamwamini. Waya mpya anaujaribu nyumbani siku mbili kabla ya kuuingiza kwa mteja.

Naye haaminiki, na hilo ndilo lililotuleta hapa. Wiki sita zilizopita aliunganisha televisheni ya inchi hamsini na tano ndani ya nyumba hii, ya mstaafu mmoja aitwaye Rutayisire, aliyekulia Ngara, Tanzania. Mzee alikaa kwenye kochi lake, akasoma kila neno, akasema asante.

Wiki mbili baadaye walikuja wakwe watarajiwa wa binti yake, Kirezi, kupitia ratiba ya sherehe ya posa. Ratiba ikawekwa kwenye televisheni na hakuna aliyeweza kuisoma. Wageni walisogeza viti mpaka magoti yakakaribia kugusa kioo, wakakunja nyuso, mwishowe mmoja akaomba isomwe kwa mdomo. Rutayisire aliona aibu ambayo hajaisahau.

Jioni ile aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Jihadharini na fundi mwanamke wa Kinyinya. Ameondoka na kioo changu, ameniachia feki."

Namna mtu anavyoweza kupanda pikipiki na kioo cha inchi hamsini na tano mkobani, mbele ya mlinzi anayeandika hadi rangi ya kucha, hakuna aliyeuliza. Ujumbe ulisambazwa hadi Kagarama, upande wa pili wa jiji.

Christella alikuwa akiingia nyumba saba kwa wiki, kila moja faranga elfu kumi na tano. Sasa ni mbili, na hizo mbili zinamkodolea macho. "Kwaya moja ya Kagarama walinipa mtu wa kunisindikiza mpaka chooni," anasema. "Mimi mama mzima! Nilifika nyumbani nikalia. Jina langu ndilo linalonilisha, sina lingine."

Mara nne aliomba aruhusiwe kurudi, mara nne akakataliwa. Mke wa Rutayisire, Mukarugwiza, ndiye aliyempa nafasi ya leo, ya dakika sitini.

Tuseme ukweli: mwandishi huyu naye hakuja na moyo mweupe. Fundi anayetaka gazeti liwepo wakati akijitetea, huenda ana lake. Christella kwa upande wake ameomba kitambulisho cha uandishi mara mbili, na mara ya pili amekipiga picha.

Sebuleni, Rutayisire amekaa mikono kifuani, mkewe kando yake na kikombe cha chai. Kompyuta iko kwenye meza ndogo na televisheni inaonyesha ile ratiba. Mtu akikaa kwenye kochi, anaona mistari ya kijivu yenye manyoya. Kichwa cha habari, chekundu juu ya bluu, kimevuja kama nguo iliyofuliwa vibaya.

"Usiguse kitu," mzee anasema. "Nataka nione kila unachofanya. Mikono mezani."

"Mzee, nikiweka mikono mezani nitatumia nini, meno?"

Hata hivyo anaiweka mezani, kwa muda. Kisha anaomba ruhusa, anachukua karatasi yake ya plastiki na kuiinua kando ya kioo. Ina herufi ndogo nyeusi juu ya nyeupe, na nyekundu juu ya bluu. Ndiyo mizani yake: kama karatasi inasomeka na kioo hakisomeki, basi macho ya mteja hayana kosa.

Anaomba ruhusa tena, anachukua tochi yake. Anachungulia nyuma ya televisheni, anakaa huko muda mrefu kuliko inavyopendeza, na Rutayisire anainuka kwenye kochi.

"Njooni wote," Christella anasema. "Na wewe mwandishi. Muone kwa macho yenu, mimi sijashika kitu."

Nyuma kuna matundu matatu. La kwanza lina nukta nyekundu pembeni yake, ya rangi ya kucha. Waya wa kompyuta nao una nukta nyekundu kichwani. Lakini waya huo uko kwenye tundu la pili, na kwenye tundu lenye nukta kuna waya wa dekoda, yaani king'amuzi.

Hiyo ndiyo desturi yake tangu aanze kazi, anaeleza. Waya na tundu lake anavipaka rangi moja visije vikatenganishwa, kwa sababu tundu lile amelitambulisha. Kwenye mipangilio ya televisheni ameandika kwamba hapa pamechomekwa kompyuta.

"Ukiiambia hii ni kompyuta, inatulia, inaonyesha kila herufi ilivyo," anasema. "Usipoiambia, inadhani ni filamu. Inakata pembeni, inalainisha, inaongeza makali, inajifanya mjuzi. Sura ya mtu itapendeza. Herufi, hapana."

Sasa swali ni moja: nani aliuhamisha waya? Macho ya mzee yanamwendea Daphrose, mfanyakazi wa ndani, aliyesimama mlangoni na kitambaa cha vumbi.

"Mimi napanguzaka mbele tu, papa," Daphrose anasema haraka. "Nyuma naogopa umeme."

Anaitwa Habiyaremye na daftari lake. Anafungua kurasa za wiki zile mbili kabla ya wakwe kuja. Hakuna fundi mwingine aliyeingia. Christella anamtazama mlinzi, mlinzi anamtazama Daphrose, na kwa dakika moja sebule nzima ni ya washukiwa.

Mukarugwiza anaweka kikombe cha chai chini.

"Ni wewe, Baba Kirezi. Jumamosi ile ya mpira, kabla ya wakwe kuja. Ulisema dekoda ndiyo mkubwa, haiwezi kukaa namba mbili. Ulitoa waya mwenyewe, mimi nilikushikia tochi."

Mzee anaangalia zulia, halafu televisheni, halafu fundi.

"Na nani alikuruhusu kupaka rangi televisheni yangu?"

Christella anarudi kukaa, anaweka mikono yote miwili mezani, vidole wazi.

"Chomoa wewe mwenyewe, mzee. Rudisha nukta kwa nukta. Mikono yangu iko hapa, mashahidi wanaiona."

Rutayisire anapiga magoti nyuma ya televisheni yake, akihema. Kioo kinakuwa cheusi, kisha ratiba inarudi. Pembeni zimerudi, manyoya yameondoka, kichwa cha habari kimekaa ndani ya mipaka yake. Anarudi kwenye kochi na, bila miwani, anasoma mstari wa kwanza kwa sauti, kisha wa pili, mpaka jina la mwisho la wasemaji. Mukarugwiza anapiga makofi. Mwandishi huyu, aliyekuwa na shaka zake, anaona haya kidogo.

"Leo sichukui malipo," Christella anasema. "Naomba kitu kimoja. Andika palepale ulipoandika."

"Nitaona," mzee anajibu.

Getini, mkoba unamwagwa tena. Waya tatu, bisibisi mbili, tochi, karatasi, chupa nusu. Kabla Habiyaremye hajamaliza, simu ya Christella inalia. Jirani amemtumia ujumbe mpya wa Rutayisire kwenye kundi: "Televisheni imepona."

Anausoma mara mbili. Macho yanamjaa machozi, na ni ya hasira.

"Imepona! Iliumwa lini? Na mimi hajanitaja. Watu watasema mwizi amerudisha kioo."

Habiyaremye anakuna kichwa. Kisha anarudisha kurasa za daftari nyuma, nyuma zaidi ya zile alizofungua sebuleni, mpaka siku ile ya kwanza, wiki sita zilizopita. Anageuza daftari limwelekee Christella. Kwa mwandiko wake uleule, kwenye safu ya kutoka, imeandikwa: "Ametoka na vitu vyake tu. Hakuna kingine." Chini yake kuna sahihi ya mlinzi.

"Ilikuwa hapa siku zote?" Christella anauliza.

"Yego, ilikuwa hapa. Hakuna mutu aliniuliza."

Christella anaupiga picha ukurasa huo mara tatu. Ataukuza, auchapishe, aufunge ndani ya plastiki, na kuanzia kesho utakuwa kitu cha kwanza kutoka mkobani kwenye kila geti. Ndoto yake kubwa zaidi ni chumba cha kupanga karibu na nyumbani, Kinyinya, watu wamletee televisheni zao badala ya yeye kuwafuata.

"Nitaweka meza mlangoni, na daftari," anasema akirudisha kitu kimoja kimoja mkobani. "Wakija, nitaandika kila mkwaruzo kabla sijagusa. Na wakitoka nitaandika wametoka na nini. Halafu mtu akiniuliza, mimi nitamwonyesha."