Safari ya Kibaha Kupima Ulaini wa Jicho la Dada

Tuliondoka Masaki, ile ya Kisarawe, kwa sababu ya macho ya dada Mwanaidi, fundi cherehani. Amebadilisha miwani mara tatu, bado uzi haupiti kwenye sindano. Daktari wa Kisarawe akatuandikia barua: nendeni Kibaha, kuna mashine inayopima ugumu wa kioo cha mbele cha jicho. Kikizidi kulainika, ataacha kushona.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda bodaboda, watatu mishikaki, tukipishana na magunia ya mkaa. Mimi nilikuwa naota tu: siku moja na mimi nitaendesha mashine kama hiyo ya macho, kwa nini nisiweze?

Kiluvya tukaingia barabara ya Morogoro. Saa nne tulikuwa Kibaha, kliniki.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba. Kidevu hapa, dada, tazama taa.”

Mashine ikapuliza pumzi, pu! Dada akaruka. “We! Imenitemea mate?”

Kwenye skrini, mstari wa jicho ulibonyea ukarudi. Daktari alisema mashine hupiga picha hizo kwa mwanga, upesi kuliko kupepesa kope. Mimi niliona kama unga wa maandazi uliokandwa: ukiubonyeza, ulio mzuri unarudi, mwingine unabaki na shimo la kidole. Jicho la kulia lilichelewa kurudi.

“Unafikicha macho?”

“Hata! Ananikanda mdogo wangu huyu.”

Nikaeleza kwa fahari. Kila jioni yakimuwasha nakunja ncha ya kanga, naipuliza mpaka ipate joto, namkandamizia machoni. Nyumbani wote tumekandwa hivyo.

“Kwa nguvu?”

“Zote, daktari.”

Akavua miwani yake. “Basi acha, ndugu yangu. Kila ukikandamiza unazidi kulilegeza.”

Machozi yakanitoka palepale. Dada akacheka. “Lo! Mgonjwa mimi, analia yeye.”

Daktari akasema tumewahi. Akatupa matone ya kuzuia muwasho, turudi baada ya miezi mitatu apime tena. Likizidi kulegea, ipo tiba ya kulikaza kwa dawa na mwanga.

Saa kumi jioni tukageuza. Nilichojifunza ni hiki: kumpenda mtu si kuijua dawa yake.

Tulipoiacha Kisarawe mjini, macho yakaanza kumuwasha. “Nikande kidogo tu, mdogo wangu.”

Bodaboda ikasimama, nikamtia matone, kisha tukaendelea, mimi nyuma yake nimemshika mikono yote miwili.

“Niachie, we mchawi!”

Alinitukana njia nzima mpaka Masaki. Sikumwachia.