Kisu cha Kukunja na Mbuzi wa Hitima

Kisu changu ni cha kukunja, kinaenea kiganjani, mpini wake wa mbao umeshachakaa. Kinakaa mkobani kila siku, kwa sababu nauza machungwa ya Muheza hapa Makorora ninapoishi, na mteja hanunui mpaka aonje. Wenzangu hunitania, eti mwanamke gani anatembea na kisu kama jambazi. Waseme tu. Mimi Msambaa wa milimani, kisu butu kwangu ni uchafu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alifiwa na mumewe. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, dume, akamweka kwa ajili ya hitima ya arobaini. Siku moja kabla, alasiri, mbuzi yule akakata kamba, akakimbilia barabarani, bajaji ikamgonga. Nilimkuta amelala ubavu anatweta, na jirani amepiga magoti kando yake. Akifa hajachinjwa ni nyamafu, wa kufukiwa tu, na jirani hakuwa na namna ya kupata mwingine.

Mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini akakubali kuchinja. Akaletewa kisu cha jikoni. Akapitisha kidole kwenye makali, akakirudisha.

"Hiki kitamtesa mnyama. Hakifai."

Nikampa shikamoo, nikakunjua changu. Akakiangalia, nikaona kimempendeza. Kisha macho yake yakatua kwenye kimsalaba changu shingoni.

"Samahani, mwanangu," akasema taratibu. "Hiki kimeshakata nguruwe?"

Hakuuliza kwa ubaya, ilikuwa haki yake. Kitimoto nakula, sifichi, lakini si kwa kisu kile, maana wateja wangu wengi ni Waislamu. Ila nani angeniamini, na mbuzi macho yameanza kumgeuka?

"Hakijakata," jirani akamjibu, na hata kunitazama hakunitazama. "Chinja, baba."

Mzee akapiga bismillahi, akachinja. Damu ikaruka, mbuzi akarusha miguu, watu wakashusha pumzi. Halali.

Kesho yake hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, nami nilikuwa uani na ndugu zake tangu asubuhi, namenya vitunguu na kupepeta mchele. Jioni tukabaki wawili na masufuria. Nikamuuliza alijuaje habari za kisu changu, maana hatujawahi hata siku moja kuzungumzia nilacho na nikikatacho.

Akaendelea kusugua.

"Kisu chako nitakijulia wapi, jirani? Nakujua wewe."

Nikainama nikasugua na mimi, machozi yananilenga. Miaka yote niliyokaa mbali na kwetu sijapewa kitu kikubwa kama kile, na mpaka leo namshukuru.