Maharage ya Ng'ambo ya Lhubiriha

Mwalimu wetu wa masomo ya usiku, pale Kasese, alitusimulia jinsi familia mbili za masheikh wa Arabuni zilivyogombania chemchemi ya jangwani enzi za Waingereza. Jirani yangu Afande Bwambale, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kuajiriwa mlinzi huko, akacheka.

"Hiyo chemchemi mimi nililinda. Sasa kwetu Bwera iko kesi kama ile. Twende, wewe umesoma mipaka."

Kesi ilikuwa ya dada yake, Biira. Mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka wa Uganda na Kongo, ulifurika ukahamia nyuma ya shamba lake la maharage, na Kambale wa upande wa Kongo akasema shamba limekuwa lake. Biira hakuwa na pengine pa kulima.

Asubuhi tulipanda pikipiki ya Afande. Milima ya Rwenzori ilikuwa kuliani, mirefu kiasi kwamba mawingu yalikuwa yamekaa katikati kupumzika.

Kikorongo tukakata kulia, na mbele kidogo tembo mkubwa kama kanisa akasimama barabarani. Tukazima injini. Tukingoja aondoke, Afande akanimalizia habari ya masheikh.

"Walikuwa ndugu, wale. Mzungu wa serikali akauliza wachungaji: zaka munapea nani? Yule munapea, nchi ni yake."

"Wakasema nani?"

"Kila mutu alitaja yule alimulisha jana."

Mchana tulifika Bwera, tukamchukua Biira na jembe lake, tukateremka mtoni. Nilitegemea kijito. Nikakuta mawe makubwa kuliko ng'ombe, yote yameviringishwa na maji, na mto wenyewe unanguruma mahali papya kana kwamba umezaliwa hapo. Nilivua kofia. Ulikuwa umeisogeza Uganda bila kuuliza serikali yoyote.

Tulivuka kwa kushikana mikono. Kambale alikuwa anangoja shambani na mama yake mzee. Hapo ndipo nilipojua kwamba Bwambale na Kambale ni jina moja, la mtoto wa kiume wa pili: ng'ambo hii wanalitamka hivi, ng'ambo ile vile.

"Mupaka ni mayi," Kambale akasema. "Mayi imepita kule, shamba iko kwetu."

"Mayi ilikupigia salute?" Afande akamjibu. Kisha akajiweka sawa kama yule Mzungu, akamgeukia dada yake. "Biira, mavuno ya kwanza unapelekea nani?"

Biira hakujua kudanganya. "Mama yake Kambale. Kila msimu."

Kambale akapiga makofi. "Basi hiyo ni zaka. Afande amemaliza kesi."

Biira aliangusha jembe, akachuma ganda moja la maharage, akalishika tu. Swali letu wenyewe lilikuwa limemnyang'anya shamba.

Mzee wa kike akamwita mwanawe. "Kambale. Biira akiniletea maharage, miye nasemaka nini?"

"Wasingya," Kambale akajibu. Ndiyo asante ya Kikonzo, pande zote mbili.

"Mutu anashukuruka kitu yake mwenyewe?"

Kambale akaokota jembe la Biira lililoanguka, akampa.

Jioni tulirudi Kasese. Njiani niliwaza kwamba yule Mzungu aliwauliza wanaotoa tu. Anayepokea hakuulizwa anasema nini. Biira alikuwa amenifungia maharage mabichi, nami kabla ya kuvuka maji nilisema "wasingya" kwa sauti ambayo nadhani Kongo nzima iliisikia, pasije pakawa na ubishi yametoka shamba la nani.