Bastola Inayokaa Kiganjani mwa Verdell Pinder

Mwezi wa Januari, Verdell Pinder akiwa kazini anapasua chaza, mtu aliingia nyumbani kwake mchana kweupe. Hakuvunja mlango, maana mlango haukuwa umefungwa. Huku kijijini Parson's Neck nani afunge mlango? Akabeba redio na paja la nguruwe lililokuwa kwenye friza, kisha akaketi mezani akala pichi za chupa alizozitengeneza Verdell mwenyewe. Alipomaliza akaosha kijiko, akakianika.

Kijiko hicho ndicho kilichomtia kiwewe binti yake, Renita.

"Mwizi anayeosha vyombo, Mama, huyo anajiona yuko kwake. Atarudi."

"Akirudi aoshe na sufuria."

Renita ni muuguzi, anakaa Salisbury, mwendo wa saa nzima kwa gari. Chumba cha mama yake alikwisha kukiandaa zamani, na pazia la maua juu. Verdell alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, na nyumba yake ndiyo ya mwisho barabarani. Ukiipita hiyo ni matete na maji tu. Jumapili mbili waligombana juu ya sahani za samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, hadi samaki wakapoa. Jumapili ya tatu wakapatana. Siku king'ora cha kiwanda cha kaa kitakapolia kwa mara ya kwanza mwaka huu kufungua msimu, Verdell awe na bastola halali ndani ya nyumba na awe anajua kuitumia. Akiwa nayo, Renita hatataja tena habari ya kuhama. Asipokuwa nayo, afungashe. Walipeana mikono kama wanaume wanaouziana mashua.

Renita alikubali kwa sababu alilijua Jimbo la Maryland na fomu zake zisizokwisha. Verdell alikubali kwa sababu hakuwahi kushindwa na mtu, achilia mbali karatasi.

Bunduki ndefu ya marehemu mumewe, ile ya kuwindia bata, ilimtegua bega mwaka wa kwanza wa ujane, akampa shemeji yake. Basi akaenda kwa Harlan Insley, anayeuza nyavu, buti na chambo mbele ya duka, na silaha nyuma. Mkononi alishika picha aliyokata gazetini.

"Nataka hii."

Harlan akaitazama. "Hiyo siuzi, Bi Verdell. Haimo kwenye orodha ya Jimbo. Bastola isiyomo kwenye orodha, nikikuuzia wanafunga duka na mimi ndani."

"Orodha gani? Nani kaiandika?"

"Watu wa serikali."

"Wamewahi kushika kisu cha chaza hao?"

"Sidhani."

"Basi wanajua nini habari ya mikono ya watu!"

Harlan hakubishana. Utoto wake aliumaliza kwenye ngazi za Verdell akila mikate yake, na alijua kubishana na mama huyu ni kupiga makasia nchi kavu. Akamtolea zilizomo kwenye orodha. Ya kwanza, ya silinda ya kuzunguka, kifyatulio chake kilikuwa kigumu. Kidole cha Verdell kilichopinda kwa baridi yabisi kilivuta, kikatetemeka, kikaacha. Ya pili ilikuwa nene kama gogo. Kiganja chake ni kidogo, kidole hakikufika.

"Wanatengenezea majitu," alisema Verdell, akairudisha kwa ncha za vidole.

Ndipo Harlan akatoa ya tatu. Akachomoa pini, akaifungua vipande vipande juu ya kaunta, akanyanyua kijichuma kidogo chenye namba.

"Kwa serikali, Bi Verdell, bastola ni hiki. Hiki tu ndicho chenye namba. Mpini huu ni plastiki. Unautoa, unatia mwingine, kama jembe. Mkono mkubwa, mpini mkubwa. Mkono kama wako..." Akakichomeka kijichuma kwenye mpini mwembamba, akaufunga, akahakikisha mara mbili kwamba haina risasi, akampa.

Ilikaa. Kidole kilifika mahali pake bila kunyooshwa. Verdell akaigeuza huku na huku.

"Na hii imo kwenye orodha yenu?"

"Imo."

"Basi siku moja wamefanya la maana."

Kilichobaki kilikuwa kile kipande cha juu, ambacho lazima kivutwe nyuma ndipo risasi iingie. Alivuta, kikagoma. Akavuta hadi mshipa wa shingo ukasimama.

"Usivute," Harlan akamwambia. "Kishikilie hicho cha juu tu, halafu sukuma mpini mbele kwa mkono mwingine. Unapasuaje chaza?"

"Kwa kifundo cha mkono. Nikitumia vidole, vitaniishia ndoo haijajaa."

"Haya, kifundo."

Kikaenda nyuma, kacha! Verdell akacheka kwa sauti hadi mteja wa nyavu akageuka.

Mafunzo ya lazima aliyafanya kwa Harlan huyohuyo, Jumamosi nzima, akapiga risasi zake kwenye karatasi, na karatasi ikatoboka panapostahili. Ikabaki leseni, na leseni inataka alama za vidole.

Ofisi ya alama iko Salisbury. Renita ndiye aliyempeleka, tena kwa uchangamfu wa kutia shaka. Binti wa pale akakilaza kidole cha Verdell juu ya kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akafuta kioo, akakilaza tena. Akajaribu vyote kumi.

"Bi, samahani. Vidole vyako havina kitu."

"Havina kitu? Vimelea watoto watatu, hivi."

"Namaanisha mistari. Imelika. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa? Nafanya. Kaa wakati wa joto, chaza wakati wa baridi. Miaka hamsini na mmoja."

Magamba, kisu na maji ya chumvi yalikwisha kuinyoa mistari yote, vidole vikabaki laini kama kokoto za ufukweni. Binti wa ofisi akapeleka alama hafifu zilizopatikana, na baada ya wiki mbili jibu likaja: hazisomeki, arudie. Waliporudi, binti huyo akamshauri aache kazi ya maji wiki tatu, apake mafuta usiku na avae glavu, huenda mistari ikaota.

Garini, Renita alishika usukani akitazama mbele. "Wiki tatu bila chaza, Mama. Huwezi."

"Nani kakwambia?"

"Nakujua."

"Hunijui. Endesha."

Ilikuwa kazi nzito kuliko kupasua. Verdell hakuwahi kukosa hata siku tatu, na ubao wa kiwandani, wa kuonyesha nani kapasua wengi zaidi, ulikuwa na jina lake juu kabisa mwaka hadi mwaka. Sasa alikaa dirishani na glavu za pamba kama bibi harusi, akaona wenzake wakipita na aproni zao. Wakimuuliza, alijibu, "Nalea vidole." Mmoja akamtania, "Vikianza kutembea tuite!" Wiki ya pili, jina la mwanamke mwingine likapanda juu ya lake. Aliambiwa hilo barazani. Akasema ni vizuri vijana wapate nafasi, akaingia ndani akafunga mlango kwa kishindo.

Akarudi ofisini na vidole vilivyonona. Mashine ikasoma vinne. Vinne tu.

"Havitoshi, Bi," binti alisema, na ungemwona alivyosikitika. "Lakini zikikataliwa mara ya pili, sheria inawaruhusu wakuchunguze kwa jina lako badala ya vidole. Itachukua muda."

"Jina langu halijawahi kulika," akasema Verdell. "Wachunguze."

Machi ikapita. Aprili maji yakaanza kupata joto, kaa wakaanza kutoka matopeni, na wanaume wakapanga mitego gatini. Kila siku Verdell alikwenda kwenye sanduku la barua kabla mleta barua hajafika. Barua ikaja Jumatano. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kwa maana shule yake iliishia darasa la tano. Alipofika kwenye neno "imekubaliwa" akalirudia. Siku hiyohiyo akapanda gari la jirani hadi kwa Harlan.

Harlan akajaza fomu, Verdell akatia saini. Halafu Harlan akakuna shingo.

"Kuna siku saba za kungoja, Bi Verdell. Ndiyo sheria. Siwezi kukupa leo hata nikipenda."

"King'ora kinalia lini?"

"Wanasema Jumamosi."

Verdell akaitazama bastola ndani ya kisanduku chake, na mpini mwembamba ukiwa umekwisha kufungwa.

"Usimwambie Renita kitu," alisema mwishowe. "Nitasema mwenyewe."

Jumamosi king'ora kililia saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu Renita akafika na maboksi matupu nyuma ya gari. Alimkuta mama yake barazani, amevaa kofia ya kanisani, na mkoba mmoja mdogo miguuni.

"Bastola iko wapi, Mama?"

"Iko dukani. Leseni ninayo. Imebaki siku nne."

Renita akashusha pumzi. Alikuwa amejiandaa kwa vita, si kwa hili. "Siku nne si kitu. Mimi..."

"Tulisema siku ya king'ora. King'ora kimelia, bastola haimo ndani. Neno langu ni neno langu. Fungua gari."

"Na vitu vyako?"

"Vitu vya nini? Tulisema nitahamia kwako. Hakuna aliyesema mpaka lini. Jumatano utanipeleka kwa Harlan."

Renita akatazama maboksi, akatazama mama yake, akaanza kucheka asiweze kujizuia. "Shetani hakuwezi wewe."

"Alijaribu, akachoka. Endesha."

Siku nne alilala chini ya pazia la maua, akalalamikia kahawa, mto, na kelele za magari. Jumatano wakaenda. Harlan akaweka kisanduku kaunta, akamwonyesha kasha la chuma la kufungia. Renita alisimama kando, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri ugonjwa wa mwenzake upite. Halafu akasogea. Akauliza kama anaweza kuishika. Harlan akahakikisha haina kitu, akampa. Mkono wa Renita ni wa baba yake, mkubwa. Vidole vikajikunja vikakosa pa kukaa.

"Ulisema kuna mpini mkubwa?"

"Upo," akajibu Harlan. "Huo hauna namba, unauchukua leo hii."

"Nipe mmoja." Hakumtazama mama yake. "Wa wikendi. Nitakapokuwa nalala kule kwa Mama. Na mimi unifundishe."

Verdell alikuwa amekwisha kugeukia mlango, mkoba begani, maana kaa hawamngoji mtu na alikuwa nyuma siku nne nzima.

"Njoo na shuka zako," alisema. "Zangu sizitoi kwa wageni."