Nilitua Kwenye Kitu Laini

Nilimvunja dereva taya kwa fimbo yangu, na hadi leo akinikuta njiani ananiamkia shikamoo.

Someni mpaka chini ndipo mnihukumu.

Mimi ni Mzee Anselmi, fundi seremala wa Mwembesongo, miaka sabini na mbili. Shule niliingia nikiwa na ndevu, masomo ya jioni baada ya kazi, nikafika kidato cha nne. Haya nimeyaandika mwenyewe, sikuandikiwa na mtu.

Kuna dereva wa Kihonda anaitwa Castory. Alinunua Coaster kuukuu akaigeuza nyumba ya kupandishia watalii milimani. Kitanda, jiko la gesi, makabati, meza. Mbao zote za mle ndani ni mkono wangu.

Viti vya abiria vilikuwa vinne, vimefungwa kwenye chuma cha sakafu, kila kimoja na mkanda wake. Viwili vilitazama mbele, viwili vilitazama nyuma.

Kule nyuma kabisa niliweka sofa ya mninga. Haikuwa na mkanda.

Castory akaniambia, "Mzee wangu, andika onyo hapo ukutani, wewe una mwandiko."

Nikaandika kwa rangi nyekundu: SOFA HII IKALIWE GARI LIKIWA LIMESIMAMA TU.

Herufi zilinyooka kama zimetoka kiwandani. Nilijisifu wiki nzima.

Sasa, mpwa wangu Anastasia alikuwa anahitimu chuo pale Mzumbe. Kwetu Waluguru mtoto wa dada ni mtoto wa mjomba, kwa hiyo mahafali yale niliyahesabu ni yangu. Castory akajitolea kutushusha asubuhi kutoka Mgeta, kijijini kwa dada yangu.

Tulikuwa watatu: mimi, dada yangu Hosiana ambaye ndiye mama wa binti, na mumewe Benedikto.

Benedikto alikaa kiti cha kutazama mbele. Hosiana akachagua kile kinachotazama nyuma.

"Nataka nikuone usoni, kaka, ukitoa neno," alisema. Akafunga mkanda, akalaza vizuri kitenge chake kipya juu yake.

Katika ukoo wetu, kabla mtoto hajapokelewa, mjomba hutoa neno mbele ya wazazi. Na mjomba hasemi akiwa amekaa.

Viti viwili vilibaki wazi. Nikavipita, nikaenda kwenye sofa yangu.

Castory akaniona kwenye kioo. "Mzee, naomba uje kiti cha huku. Hiyo sofa uliiandikia mwenyewe."

"Niliwaandikia Wazungu," nikamjibu. "Mimi sifungwi kamba kama mbuzi wa mnadani."

Hosiana akacheka mpaka akaziba mdomo.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Mlali, nikasimama. Mkono mmoja kabatini, mwingine kwenye fimbo ya mpingo.

"Shemeji, kaa chini bwana, hapa si bungeni!" Benedikto akanitania.

"Mzee, kuna kona!" Castory akapaza sauti. "Mzee, kaa!"

"Wewe endesha," nikasema. "Ukoo unaongea."

Nikafungua mdomo. "Hosiana, dada yangu, umetuzalia—"

Pikipiki ikatokea kwenye kona, imepakia kabichi hadi juu ya kichwa cha mwenyewe, iko upande wetu.

Castory akakanyaga breki, akakata usukani. Tukagonga ukingo wa mlima.

Kishindo chake sijui nikifananishe na nini. Makabati yangu yalipasuka kama maboga. Sufuria ziliruka. Mtungi wa gesi uling'oka ukampiga Benedikto mkononi, nikasikia mfupa ukilia. Miguu yangu ikaacha sakafu.

Halafu nikatua kwenye kitu laini.

Nakumbuka nilimshukuru Mungu. Nilidhani ni godoro.

Coaster ililala ubavu. Nilitoka nikitambaa, mwilini nina mchubuko mmoja tu, kwenye bega la kulia. Wakulima wakamtoa Hosiana. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni kwa mapovu. Hakuweza kusema. Aliinua mkono, akanionyesha kwa kidole.

Nikageuka kuona anachoonyesha. Nyuma yangu alikuwa amesimama Castory.

Basi nikaelewa nilivyotaka kuelewa.

Fimbo ilikuwa bado mkononi. Nikampiga ya kwanza begani.

"Mzee, wewe ndiye uli—"

Ya pili ilimpata mdomoni. Meno yalidondoka kwenye vumbi. Ya tatu ilivunja taya. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanafika hawakuuliza kitu.

"Oya, muuaji huyo! Mchape!"

Wakamshukia kwa mateke na mipini ya majembe. Mimi nikapaza ile sauti ya mjomba: "Msimwache!" Aliokolewa na katekista aliyemlalia juu kwa mwili wake.

Hosiana alikata roho kwenye pikapu ya mboga, kichwa mapajani mwangu, kabla ya Mlali. Anastasia alivaa joho peke yake, akitazama getini.

Wiki tatu baadaye trafiki wakatuita, mimi na Anastasia. Afande Pendo alikuwa na kompyuta mezani. Ndani ya Coaster kulikuwa na kamera ndogo, juu ya kioo cha dereva. Sikuwahi kuiona.

Castory alikuwepo, taya limefungwa waya. Akanong'ona kwa taabu, "Shikamoo, mzee."

Sikuitikia.

Afande akaiwasha.

Nikamwona dada yangu kwa mgongo. Gari linagonga. Kiti kinamshika, mkanda unamshika. Hatikisiki hata kidogo. Ni mzima.

Kisha anatokea mzee mwenye kilo themanini na tano, anapaa kutoka nyuma, bega mbele. Anamwingia kifuani.

Godoro lilikuwa bado limefungwa juu ya kitanda. Nililifunga mimi mwenyewe.

Anastasia akanigeukia.

"Mjomba," alisema taratibu, "mama alifunga mkanda."

Castory amekataa kunishtaki. Laiti angenishtaki.

Msomaji wangu, usiseme roho ni yako na hiari ni yako. Gari likisimama ghafla, asiyefunga mkanda ndiye jiwe. Kabla hujakataa mkanda, tazama nani ameketi mbele yako.

Mbele yangu aliketi Hosiana, anasubiri nimalize neno.