Daftari Nililolisoma Mbele ya Walimu

Nilipougua homa ya matumbo nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule ya misheni, upande wa Waafrika wa Elisabethville. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na nilijiona sana. Nilikuwa nimetoka Kasai na diploma ya shule ya ualimu mfukoni. Kati yetu walimu saba, tulikuwa wawili tu tulioweza kuongea Kifaransa na mapadri bila kutafuta maneno, na yule mwingine alikuwa mzee anayengoja kupumzika. Kwa hiyo nilijihesabu peke yangu.

Darasa la kwanza lilikuwa la mtu wa makamo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mwenyeji wa kaskazini ya Katanga. Hakuwa na diploma. Alikuwa amesoma kwa makatekista, akapewa watoto wadogo awafundishe kusoma Kiswahili, akabaki hapo hapo miaka mingi. Alikata herufi kwenye maboksi ya sabuni, akazitia rangi, akazipanga chini watoto wazikanyage huku wakizitaja. Mimi niliona hiyo ni kazi ya yaya. Aliponisemesha kwa Kifaransa chake, nilimjibu kwa Kiswahili, ili waliokuwa karibu wasikie kwamba ninamwonea huruma. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja, na yeye kila asubuhi alinisalimia vile vile.

Niliugua wakati wa mvua. Nilianguka mbele ya ubao, chaki mkononi, nikaamkia hospitali, na nilikaa huko wiki saba. Mke wangu, mwenye mimba yetu ya kwanza, alipokuja kuniona alikuwa akiniambia nisifikiri mambo ya shule, padri mkubwa ameshapata njia. Sikuuliza ni njia gani. Nilidhani wameleta mtu kutoka misheni nyingine, na niliomba, Mungu anisamehe, asiwe hodari kunishinda. Kama ningepoteza kazi ningepoteza na nyumba, kwa sababu nyumba tuliyolala ilikuwa ya misheni.

Siku niliyorudi nilikuwa mwembamba, suruali imefungwa kwa kamba. Watoto wa darasa la sita walisimama wote, wakanikaribisha vizuri. Halafu, kabla sijafuta ubao, mmoja wao akauliza kama mwalimu wa darasa la kwanza atakuja tena mchana. Wengine wakageuka kuangalia mlangoni.

Ndivyo nilivyojua. Asubuhi alikuwa anafundisha wadogo wake mpaka saa sita, anakula chakula kidogo alichofungiwa na mke wake, na mchana darasa langu linaanza, chini ya mabati, mvua ikipiga juu mpaka anafundisha kwa kupaza sauti. Wiki saba. Darasa la sita lilikuwa la kujitayarisha kwa mtihani, na hesabu za darasa hilo yeye mwenyewe hakuwahi kuzisoma shuleni. Alikuwa anazisoma nyumbani, anazifundisha kesho yake.

Mtu mwenye moyo wa kawaida angetoka pale pale kwenda kumshika mkono. Mimi nilikaa na kusikia wivu. Watoto wangu walikuwa wamezoea kuuliza maswali bila kuogopa, na kila walipouliza nilisikia sauti ya mtu mwingine ndani ya darasa langu.

Juu ya meza alikuwa ameniachia daftari. Ndani yake aliandika, siku baada ya siku, kila somo alilotoa, ili nijue pa kuanzia. Masomo aliyaandika kwa Kifaransa, kwa sababu darasa la sita lilitaka hivyo. Pembeni, kwa Kiswahili, aliandika habari za watoto. Huyu anasikia vibaya, umukalishe mbele. Huyu mama yake amekufa juzi, usimwulize kazi ya nyumbani wiki hii. Huyu anajua lakini anaona haya. Nilisoma pembeni kote. Nasema hivi ili isionekane kwamba sikuyaona.

Jumamosi walimu wote tulikutana na padri mkubwa, kama desturi. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mtu wa maneno machache. Alifurahi kuniona, akasema kwa Kifaransa kwamba darasa la sita halikupoteza hata siku moja, na labda nina neno la kuwaambia wenzangu. Akakaa. Kila mtu alielewa ni neno gani. Mwenzangu wa darasa la kwanza aliangalia viatu vyake, kama mtu anayejua atasifiwa na hataki kuonekana anangoja.

Nilisimama na lile daftari. Nilianza kwa kusema kwamba ninashukuru kuona kazi imeendelea. Halafu nikasema kwamba, kwa faida ya sisi sote, kuna mambo ya Kifaransa ambayo hayafai kufika kwa watoto wa mtihani, nikafungua, nikaanza kusoma. La problème, badala ya le. Nikangoja kidogo. Les chevals, badala ya les chevaux, farasi. Hapo yule mwalimu mzee aliyejua Kifaransa akacheka, na wengine wakacheka kwa kumfuata, hata wale ambao hawakujua kosa liko wapi. Padri naye alitabasamu, nami nikatiwa nguvu na tabasamu lile. Nikaendelea ukurasa hadi ukurasa. Maneno ya pembeni niliyaruka, jicho langu likipita juu yake kila mara.

Nilipomaliza, hakuna aliyekuwa akicheka tena. Sikumbuki waliacha saa ngapi; mimi nilikuwa nikisikia sauti yangu. Mwenzangu akainuka. Alikuwa mtu mzima kunipita, na alinisemesha kama unavyomsemesha mkubwa.

“Aksanti, mwalimu,” akasema. “Utanionyesha fasi zote nilikosa, nizirudilie na batoto? Batoto habana makosa. Makosa iko yangu.”

Nikamwambia ndiyo, nitamwonyesha. Akakaa.

Tulipotoka padri aliniita kando, kwenye baraza. Aliongea Kiswahili na mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nilielewa kwamba ameninyima Kifaransa makusudi. Aliniambia kwamba nilipokuwa wiki moja hospitalini alikuwa amekwisha kupata mwalimu mwingine wa kuchukua nafasi yangu, barua ilikuwa tayari mezani. Yule wa darasa la kwanza akaja ofisini akaomba apewe madarasa yote mawili mpaka nipone. Padri akamwambia ni kazi ya watu wawili. Akajibu kwamba mke wa mwenzake ana mimba, na watu hawatolewi nyumbani wakati wa mvua.

“Nilipaswa kukukataza usisome,” padri akasema. “Na mimi nilicheka. Nenda nyumbani.”

Mke wangu alikuwa anajua yote. Mke wa yule mwalimu alikuwa akimletea unga na kuni muda wote niliolala hospitali, na alimwomba asinieleze, ili nisijione mwenye deni. Nilipomsimulia niliyofanya hakunigombeza. Aliniangalia tu, akaendelea kuchambua mboga, na kwa siku kadhaa alinijibu yale niliyomwuliza, basi.

Nilikwenda kwa yule mwalimu Jumapili baada ya misa. Alinipa kiti kizuri, yeye akakaa juu ya sanduku. Mke wake akaleta bukari, yaani ugali, na samaki, akanikaribisha kama baba wa nyumba. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini kila nilipofungua mdomo niliongea habari za mvua. Mwishowe alileta kalamu na daftari lile lile, akaniomba tuanze na wingi wa majina. Tukafanya kazi mpaka jua likateremka. Nilitoka bila kuomba msamaha, nikijiambia kwamba kumfundisha kunatosha.

Nilimfundisha karibu mwaka mzima, mara mbili kwa wiki. Alitaka kujaribu mtihani wa diploma. Alikuwa anashika polepole lakini hasahau. Kwa walimu wengine nilikuwa sasa mtu mwema, kijana msomi anayemsaidia mkubwa wake, na walinisifu. Hakuna Jumamosi niliyosimama kuwaambia nani alimsaidia nani. Nilikaribia mara moja. Padri alikuwa ameuliza kama kuna neno lingine, nikajongeza kiti, mtu akasema juu ya bomba la maji lililovunjika, nikarudi nyuma.

Mtihani ulimshinda. Baadaye misheni ikamtuma Sakania, ambako walihitaji mwalimu wa wadogo. Nilimsindikiza steshoni, mke wake na watoto wakiwa wamekwisha kupanda na vyombo vyao. Pale, katika kelele za watu na vichwa vya treni, nilisema. Nilimwambia nilikosa siku ile ya daftari, na kwamba nilijua ninachofanya.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Ulikuwa ungali mugonjwa, ndugu,” akasema. “Mi niliona. Homa ile inakawiaka kutoka mu kichwa.”

Hakukuwa na homa. Kichwa changu siku ile kilikuwa chepesi na safi kuliko siku zote. Nilipaswa kumwambia hapana. Lakini alikuwa ananiangalia kwa upole mkubwa, treni ilikuwa karibu kuondoka, na mlango aliokuwa amenifungulia ulikuwa rahisi.

“Ndiyo,” nikamjibu. “Nilikuwa ningali mgonjwa.”

Nyumbani mke wangu aliuliza kama nimeomba msamaha. Nikasema nimeomba, na amenisamehe. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini nilipokuwa nikiyasema nilijifanya kutafuta kitu chini ya meza, nisikutane na macho yake.